Kiungo cha Katikati ya Daraja

Asubuhi ya siku ile nilizikataa bolti. Zililetwa na bodaboda kutoka duka la vifaa pale Lushoto mjini, zikiwa ndani ya kiroba, na nilipozimwaga juu ya bati nikaona vichwa vyake ni vitupu, havina alama yoyote. Mkataba wetu ulikuwa wazi kuhusu jambo hilo. Kila kiungo cha daraja kifungwe kwa bolti za chuma kigumu, zenye alama ya ugumu wake kichwani, matundu yote yajazwe, na mtu yeyote asipite juu mpaka mkaguzi aridhike.

Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wa kazi pale. Tulikuwa tunajenga daraja la waenda kwa miguu huko juu ya kijiji cha Magamba, kwenye korongo ambalo watu wa mashamba ya kabichi na viazi walivuka kwa kukanyaga mawe. Daraja lilikuja vipande viwili vya chuma, kimoja kutoka kila ukingo, vikakutana katikati. Pale vilipokutana palifungwa sahani za chuma, za juu na za chini. Za juu tulishazikamilisha. Za chini, ambazo ndizo huvutwa na uzito wote wa daraja, zilikuwa na bolti chache tu za kushikilia, kwa sababu bolti halisi zilikwama njiani: barabara ya Mombo ilikuwa imefungwa na maporomoko ya udongo. Wakati tunazisubiri, daraja lilikuwa limelala juu ya magogo tuliyoyasimamisha mtoni.

Fundi mkuu alikuwa mtu mzima kutoka Mnazi, umri wa baba yangu. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo kabla sijamwambia neno lolote la kazi, na yeye aliitika "Marahaba mwanangu," halafu ndipo tulipobishana. Siku hiyo alichukua bolti moja akaipima mkononi.

"Hizi zitashika."

"Fundi, hazina alama."

"Bolti ni bolti, mwanangu."

"Hizi siwezi kuzipokea. Zinarudi dukani."

Hakukasirika. Alizirudisha kirobani mwenyewe, akakiweka kando ya kibanda chetu, akavuka kwa mawe kwenda ng'ambo kumalizia kuta za kuzuia udongo pamoja na vibarua wawili. Upande wangu nilibaki na mama mmoja wa Magamba aliyekuwa mchomeleaji wetu.

Mvua ilianzia juu msituni. Kwetu ilikuwa ni ukungu na manyunyu tu, lakini nikasikia mto umebadilisha sauti. Maji yakaja na rangi ya udongo, yakafunika yale mawe ya kuvukia, na baada ya muda mfupi likaja gogo zima la mti, likapiga magogo yetu. Fundi alilikimbilia akiwa na kamba, nadhani alitaka kuyafunga yale ambayo bado yalikuwa yamesimama. Nilimpigia kelele aache. Sijui kama alinisikia. Jiwe likaporomoka kutoka ukingo uliolegea juu yake, likamkuta mguuni, na wakati huohuo magogo yote yakang'oka yakaenda na maji.

Daraja likashuka. Si sana, labda kiasi cha kiganja, lakini nililiona linashuka, na nikalisikia likilia, sauti ndefu kama ya mlango wa chuma unaofunguliwa polepole. Halafu likatulia, likining'inia juu ya maji kwa zile bolti chache.

Ng'ambo, vibarua walikuwa wamemvuta fundi mbali na mto. Mmoja akapaza sauti: "Dada, damu haikati! Tumemfunga shati na bado haikati!"

Gari la kubebea kabichi lilikuwa limeegeshwa upande wetu. Hospitali ilikuwa upande wetu. Njia nyingine ilikuwa kuzunguka mlima mzima kwa miguu, na wangetokea barabarani jua likizama. Nilimtazama yule mama. Alikuwa amelitazama daraja, kisha akakitazama kile kiroba kando ya kibanda. Na mimi nilikuwa nimekwisha kukifikiria.

Nilikifunga kiroba mgongoni, ndani nikiwa nimetia nyundo, nondo na spana, nikajifunga kamba kiunoni, yeye akaizungusha kwenye nguzo ya zege. Nilienda mimi kwa sababu nilikuwa mwepesi kuliko yeye, na kwa sababu sikuweza kumwagiza mtu mwingine. Nilitambaa. Mbao za kukanyagia zilikuwa zimelowa, na kati ya ubao na ubao niliyaona maji. Nilipofika kwenye kiungo nililala kifudifudi nikaingiza mkono chini, na nilipogusa sahani niliihisi inatetemeka. Mpaka leo sijui kama ilikuwa sahani au ni mimi.

Matundu yalikuwa yamepishana kidogo. Niliyalinganisha kwa nondo iliyochongoka, nikapenyeza bolti, nikakaza nati, nikashika nyingine. Mbili zilinidondoka zikaingia majini. Kila nilipopiga nyundo nilifumba macho. Nilikuwa naziingiza bolti zilezile zisizo na alama, mahali palepale nilipokataa zisikae, na nilijua vizuri kwa nini nilizikataa: chuma laini hakihimili mzigo mkubwa. Kinanyooka kidogo, halafu kinaachia.

Nilirudi ukingoni nikitambaa. Tuliwarushia vibarua kamba, tukawaambia wasimbebe. Uzito wa watu watatu nisingeuruhusu. Wakamlaza fundi juu ya bati lililokunjwa kingo, wakamfunga kwa mikanda na khanga, na sisi wawili tukaanza kumvuta.

Bati lilikuja vizuri mpaka katikati. Pale, kwa kuwa daraja lilikuwa limepinda kwenye kiungo, ubao mmoja ulikuwa umeinuka, bati likanasa. Tulivuta, na daraja likalia tena. Tukaacha kuvuta mara moja.

"Usiende," yule mama aliniambia. "Jamani, usiende tena."

Nikaenda. Sikuwa na ujasiri wowote, niseme ukweli. Nilikuwa nalia kwa sauti na sikuona haya.

Fundi alikuwa na rangi ya majivu lakini macho yake yalikuwa wazi. Aligeuza shingo akautazama mkono wangu, uliokuwa na grisi na damu ya kujikwaruza.

"Umezifunga zile za kwenye kiroba?"

"Ndizo."

Midomo yake ilikuwa inatembea, alikuwa anasoma dua.

"Basi rudi. Usikae hapa pamoja na mimi."

"Sirudi peke yangu, fundi."

"Nakwambia kama baba yako. Rudi!"

Niliingiza vidole chini ya ukingo wa bati nikauinua. Chini yetu kitu kilipiga "ta!", kikavu, kama ukuni unavunjika. Fundi akanishika kifundo cha mkono, akakibana mpaka nikaumia, na tukabaki hivyo tukitazamana, tukisubiri. Hakuna kilichofuata. Nikampigia kelele yule mama ukingoni: "Vuta! Vuta!" Bati likapanda ule ubao, nami nikatambaa nyuma yake, paji la uso likiwa karibu na miguu yake, nisione kitu kingine chochote mpaka nilipohisi zege chini ya magoti.

Gari la kabichi lilimpeleka hospitali. Mguu ulipona, ingawa umebaki mfupi.

Mkaguzi alipokuja, daraja lilishawekewa magogo mapya. Alifungua kiungo mwenyewe. Bolti kadhaa zilikuwa zimepinda, na moja ilikuwa imekatika kichwa.

"Nani alizifunga hizi?"

"Mimi."

"Ulijua si zenyewe?"

"Nilijua."

Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaandika kwamba kiungo chote kivunjwe, sahani zibadilishwe na matundu yatobolewe upya. Hakunisifu wala hakunikaripia. Mkandarasi ndiye aliyenikaripia, kwa simu, kwa muda mrefu. Bolti za kweli zilifika, tukafanya kama mkataba ulivyotaka. Siku watu waliporuhusiwa kupita nilisingizia homa, sikwenda.

Baada ya mavuno niliteremka Mnazi kumjulia hali. Nilimkuta uani, mguu ukiwa juu ya stuli. Mkewe alituletea chai akaingia ndani. Tulizungumza habari za mahindi na joto.

"Fundi," nikamwambia, "mimi bado naogopa. Nikisikia chuma kinalia popote, hata geti, moyo unasimama."

Alikiweka kikombe chini.

"Hata mimi. Nilikuwa sijamwambia mtu," akasema. "Afadhali umeanza wewe."