Herufi za Kaniki

Chekeni tu, maana Tabora nzima ilishacheka, na mimi mwenyewe nikiikumbuka Idi ile, enzi za Mwingereza, uso unaniwaka. Lakini zile herufi zilikuwa nzuri, na hapo sibishani na mtu.

Chama chetu cha ngoma, akina mama wa Gongoni, kiliitwa Amani, na bendera yake miaka yote aliishona mkuu wetu, Bi Tatu, kwa herufi nene pande zote, nzito kama matofali. Mwaka ule akanikabidhi mimi mkasi wake, akasema nikiwaaibisha mbele ya wapinzani wetu wa mtaa wa Ng'ambo nitaurudisha na sitaugusa tena. Basi mimi nilikuwa nimeona maandishi kwenye kopo la poda aliloniletea mume wangu (mtu wa reli, kila safari ya Kigoma hakosi kitu), herufi hazina mapambo wala vile vikanyagio vya chini ya miguu, mguu mmoja mnene, wa pili mwembamba kama uzi, nikasema hizi ndizo. Nikazikata kwa kaniki, nikaziweka juu ya bafta nyeupe. Miguu minene nikaishona, ile myembamba kila nikiigusa kwa sindano inajikunja, mshono unaimeza, nikaona ya nini kujisumbua, nikaibandika kwa uji wa muhogo. Ikakauka, ikapendeza ajabu. Bi Tatu akauliza kama nimeshona yote. Nikamjibu nimeshona.

Sasa desturi yetu, bendera haiingii uwanjani bila kurashiwa marashi. Nikamwona Bi Tatu anakuja na mrashi, mdomo ukawa mzito (ningesemaje, na nilishasema nimeshona?), akailowesha mbele na nyuma kwa mapenzi yake yote. Tukaingia tunaimba, upepo ukavuma, herufi zangu zikaanza kuondoka mguu mmoja mmoja mbele ya Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, na wageni wake, na mguu mmoja ukaenda kutua kwenye joho la Liwali. Kwenye bendera vikabaki vijiti vinene vitupu. Wanawake wa Ng'ambo walikaa chini kwa kucheka, mmoja akauliza kama Gongoni tumeleta uzio wa mbuzi.

Liwali akakibandua kile kitambaa, akauliza ni cha nani. Wenzangu wote wakanitazama mimi. Nikatoka mbele.

"Shikamoo, Bwana Liwali. Ni changu. Huo ni mguu wa A, naomba unirudishie."

Akanirudishia. Bi Tatu naye akanyoosha mkono, nikampa mkasi palepale, machozi yananitoka, ila kichwa sikuinamisha.

Idi iliyofuata Ng'ambo wakaingia na bendera mpya, na herufi ni zile zile, mguu mnene, mguu mwembamba. Uwanja mzima ukapiga vigelegele. Kesho yake asubuhi Bi Tatu akaja kwangu, hata kukaa hakukaa, akauweka mkasi mkekani.

"Safari hii ushone," akasema.

Nimeapa sitasema tena nimeshona na sijashona. Na nilishona kweli, siku tatu, vidole vinatoka damu. Lakini ule mguu mwembamba sikuunenepesha hata kidogo.