Upande wa Kushoto wa Mama

Mwaka ule nilipanda milimani, Mkumbi, kutoka kwangu Mbamba Bay kando ya ziwa, kumsaidia mama kuchuma kahawa, kama nilivyofanya kila msimu tangu baba afariki. Mama alikuwa akiishi na kaka yangu na mkewe. Nilipofika nikamkuta wifi amenuna, na hakunificha sababu.

"Mama anasema namnyima chakula," aliniambia jikoni. "Kaa leo uone mwenyewe."

Nikakaa. Wifi alimwekea mama ugali katikati ya sahani, maharage upande wa kulia, majani ya maboga upande wa kushoto. Mama akamaliza maharage, akamaliza nusu ya ugali iliyokuwa upande huohuo, akanawa.

"Umeona?" aliniambia kwa Kinyasa, lugha ya kwao, ili mkwewe asielewe. "Chakula cha mtoto mdogo."

"Mama, mbona mboga hujaigusa?"

"Mboga gani?"

Alitazama sahani. Alitazama kweli, nilimwona. Nikaizungusha ile sahani, na mama akashtuka. "Umeileta saa ngapi?" Akaanza kula.

Sikujua nicheke au nilie. Kesho yake shambani kila mti wa kahawa aliouchuma ulibaki mwekundu upande mmoja. Sweta alivaa mkono mmoja, mwingine ukawa unaning'inia, na nilipomwambia alijibu, "Nimevaa," kwa sauti ya mtu anayesumbuliwa bure. Akipita mlangoni aligonga fremu kwa bega la kushoto, akaulaumu mlango.

Kaka alisema ni mtoto wa jicho. Tukampeleka Mbinga mjini. Aliyempima akatuambia macho ni mazima, tumwone daktari wa kawaida. Hapo nikazidi kuchanganyikiwa, maana kama macho ni mazima, mboga ilikuwa ikienda wapi?

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mpole. Aliuliza kama mama aliwahi kuumwa kichwa ghafla. Wifi akakumbuka kwamba kabla sijafika aliumwa sana, akatapika, akalala mchana kutwa. Walidhani malaria. Daktari akatutuma Songea kwa picha ya kichwa, na tuliporudi na majibu akasema ni kiharusi kidogo, upande wa kulia wa ubongo. Kisha akauinua mkono wa kushoto wa mama.

"Mama, huu mkono ni wa nani?"

Mama akautazama kwa adabu, kama mtu aliyeonyeshwa kitu cha jirani. "Nadhani ni wa huyu mkwe wangu."

Wifi akaangalia mikono yake miwili.

Daktari akakunja ngumi zake, akaziweka pamoja. "Ubongo una nusu mbili," alisema. "Nusu ya kulia inaongoza upande wa kushoto wa mwili, na ya kushoto inaongoza upande wa kulia. Huku kisogoni ndiko yanakofika yale ambayo macho yameona. Chini yake kuna ubongo mdogo, unaotuwezesha kusimama bila kuyumba. Huku mbele ya paji tunapangia mambo yetu. Kote huko mama yenu ni mzima. Palipoumia ni hapa." Akagusa kichwa chake juu ya sikio la kulia, kwa nyuma kidogo. "Hapa ndipo panapomwambia mtu kuna nini upande wake wa kushoto."

"Kwa hiyo haoni?" niliuliza.

"Anaona. Ila kwake upande huo haupo."

"Na yeye anajua kwamba haupo?"

"Hajui. Ndiyo shida yenyewe."

Nikatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Sekondari nilichora ubongo, nikaandika majina ya sehemu zake, mwalimu akanipa vema. Lakini ule mchoro haukunisaidia kitu pale.

Nje, kwenye benchi, mama alimgeukia wifi. "Mkwe wangu, wanasema chakula ulikuwa unanipa."

"Nilikuwa nakupa, mama."

"Mimi sikukiona."

"Najua sasa, mama."

"Basi tuseme ulinipa," alisema mama. Wifi akamfunga kanga vizuri, na yakaishia hapo.

Baada ya msimu nilimchukua mama nikashuka naye kwangu ziwani, kwenye joto. Siku moja, tukianika usipa, wale dagaa wa ziwani, nikamwomba anieleze kijiji alichozaliwa, karibu na Liuli, kama amesimama mlangoni kwa babu akitazama ziwa. Akataja vichanja vya usipa, nyumba ya shangazi, kanisa. Nilipafahamu pale tangu utoto. Vyote vilikuwa mkono wa kulia.

"Na yale mawe makubwa ya kufulia?"

"Mawe gani?"

Nikajaribu kutokea upande wa pili. "Haya, mama, sasa uko kwenye mtumbwi, unarudi nyumbani, umekitazama kijiji. Unaona nini?"

Akafumba macho, akatabasamu. "Mawe yale pale! Na nyumba ya mjomba, na njia ya kisimani."

"Na kanisa?"

"Kanisa silioni."

Macho yake yalikuwa yamefumbwa. Nilimpigia simu daktari, akasema hilo nalo hutokea, maana hata kumbukumbu husomwa na ubongo uleule. Nikashukuru, nikakata simu, nikabaki nimesimama na samaki mkononi. Mawe hayo yalikuwa wapi aliposimama mlangoni?

Tulifuata maagizo ya daktari. Nilimfunga kitambaa chekundu kwenye mkono wa kushoto akitafute kabla ya kufanya lolote, na wote nyumbani tukaanza kumsemesha kutokea upande huo. Mwanzoni alikasirika, akisema tunajificha. Polepole shingo ikazoea kugeuka. Asubuhi moja nilimsikia akiguna, "Nani kaniwekea huu mkono mzito?" Akaukagua, akakiona kitambaa. "Ah. Ni wangu."

Kufikia Krismasi alikuwa anajifunga kanga mwenyewe, na mvua zilipokatika akarudi Mkumbi. Milango bado anaigonga akichoka. Kabla hajapanda gari nilimuuliza kama siku zile alihisi kuna kitu kimepungua.

"Hapana," alisema. "Niliwaona ninyi tu mmechanganyikiwa."