Sleti Iliyokataa Kusoma Jina Langu

Heri niwaambie mwenyewe kabla hamjasikia kwa walimu wenzangu wa Runyenjes, maana wao wanaongeza chumvi.

Nilikuwa nimesoma gazetini kwamba kompyuta mpya zinakuja, nyembamba kama sleti, unaandika juu yake kwa kalamu na mwandiko unageuka wa chapa. Wiki nzima staffroom haikupumua. Bei niliikadiria ng'ombe wawili wa maziwa, wale wa gredi, na nikaapa itasoma hata mwandiko wa daktari.

Jumatatu saa ya chai tukakuta mezani kitu cheusi, bapa, chenye kioo.

"Si niliwaambia?" nikasema. Nikachukua kalamu ya wino tunayoandikia chati, nikaandika jina langu lote, tukasubiri.

"Labda bado inafikiria," akasema Mwalimu Njeru.

"Zikiwa mpya huwa hivyo," nikamjibu.

Mama Wanja, mzazi wa darasa la saba, akatoka kwa hedimasta.

"Walimu, asanteni kunichungia paneli yangu ya sola. Ni ya taa ya vifaranga." Akaiinua, akaisoma polepole. "Na huyu Josphat Nyaga ni nani, aje anifutie?"