Chumvi ya Samaki wa Elia

Ashukuriwe Mungu aliyezitenga bahari na nchi kavu, akanipa mimi fungu langu katika nchi kavu, na kunifikisha uzee huu nikiwa bado na kumbukumbu. Namshukuru hata kwa haya ninayoyaandika, ingawa hayafurahishi.

Wiki iliyopita mjukuu wangu Tumaini alifungua mfuko wa chumvi sebuleni kwangu, akamimina kidogo katika ndoo ya maji. Ikapanda harufu ya unyevu na chokaa, nami nikashika ukingo wa kiti. Harufu hiyo nilikuwa sijaisikia tangu utotoni. Tumaini ameleta tangi la kioo kutoka Dar es Salaam. Anataka kufuga samaki wa bahari na matumbawe hapa hapa Manyoni, na mbele yake kulikuwa na mifuko miwili.

"Bibi, nisaidie kuchagua. Huu ni wa samaki tu, na huu ni wa samaki na matumbawe."

"Mjukuu wangu, usiniulize mimi chumvi ya samaki," nikamwambia. Akacheka, akidhani ni utani.

Nilikuwa na miaka tisa kaka yangu Elia aliporudi nyumbani kwa treni. Dar es Salaam alifanya kazi kwa tajiri mmoja, na kazi yake ilikuwa kutunza tangi la samaki. Kila wiki alichota maji baharini kwa madumu, akayabadilisha. Kifua kilipomzidi alipewa ruhusa ya kurudi kwao. Alishuka stesheni amekonda hata Baba, ambaye alikuwa mfanyakazi wa reli na alizoea kupokea wageni, alimpita mara ya kwanza bila kumtambua. Mkononi Elia alikuwa na dumu lililokatwa mdomo. Ndani yake walikuwamo samaki wawili wadogo kama kidole gumba, bluu, mikia ya njano. Aliondoka nao pwani wakiwa wanne.

"Shikamoo kaka," nikasema, macho yangu yakiwa kwenye dumu.

"Marahaba. Unanisalimia mimi au samaki?"

Aliwapa majina ya stesheni zetu. Aliyetangulia siku zote aliitwa Manyoni, na aliyemfuata aliitwa Itigi, kama treni inavyozikuta ikitoka pwani. Tuliwaweka katika beseni jeupe la maua, lile la kunawia wageni. Kazi yangu ilikuwa kuchota maji kwa kata na kuyamwaga kutoka juu, ili wapate pumzi. Elia alilala chumba cha uani, beseni likiwa karibu na mlango wake, akawatazama mchana kutwa.

"Wakizifikia mvua za kwanza," aliniambia, "nitakuwa nimepona. Nitawarudisha mwenyewe baharini, na wewe nitakuchukua ukaione."

Mtoto husikia ahadi kwa namna yake. Mimi nilisikia kwamba wakiishi wao, ataishi na yeye.

Baada ya siku chache maji yale ya bahari yakaanza kunuka na samaki wakawa wazito. Ikabidi tutengeneze bahari yetu wenyewe. Hapo ndipo ubishi ulipoanza.

"Chumvi ni ya dukani," alisema Baba. "Nyeupe, safi, na imetoka huko huko pwani."

Mama akaweka mwiko chini. Mama alikuwa mpika chumvi. Kila kiangazi alikwenda mbugani na wanawake wenzake, wakakwangua udongo mweupe, wakauchuja kwa maji na kuyachemsha siku nzima, mpaka ukabaki unga wa kijivu wenye harufu ile ya chokaa. "Ya dukani imeoshwa mpaka imekufa," akasema. "Yangu ina nguvu zake zote. Hata ng'ombe wanaijua."

"Basi wakae na ng'ombe beseni moja."

Elia alicheka mpaka kikohozi kikamkamata. Kilipomwachia akasema, "Achague Raheli. Yeye ndiye mchungaji wao."

Nilichagua ya Mama. Sikufikiri sana. Kwetu mtoto wa mpika chumvi hakuonekana dukani akinunua chumvi. Ilikuwa kama kumvua mama yake kanga mbele za watu.

Nilichemsha maji, nikayapoza, nikatia konzi moja. Nyumba nzima, Elia peke yake ndiye aliyewahi kuonja bahari, kwa hiyo nikampelekea kijiko kitandani. Akakizungusha mdomoni.

"Bado. Hii ni mboga, Raheli, si bahari."

Nikaongeza konzi. "Bado." Nikaongeza tena. Nilikwenda na kurudi mpaka kibuyu cha Mama kikabaki nusu, kaka yangu akinicheka kwamba ninaionea chumvi huruma. Mwishowe alifumba macho, akasema, "Hapo. Hiyo ndiyo."

Niliwahamisha samaki asubuhi hiyo, nikiimba. Kabla ya jua kufika utosini, wote wawili walikuwa wamelala ubavu juu ya maji.

Sikulia. Nilikimbia jikoni kumwita Mama. Alikuja akifuta mikono, akachovya kidole katika beseni, akaonja, akatema. Kisha akafanya jambo lililonishangaza. Alikwenda kwenye kiota cha kuku, akaleta yai, akalitia katika maji yale. Wapika chumvi hupima hivyo: yai likielea, maji yamekomaa, yafaa kupikwa. Yai lilielea kati ya samaki wawili waliokufa.

"Nani aliyeonja haya?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Kaka Elia."

Mama alitazama mlango wa chumba cha uani. Mle ndani, kila siku, Elia alikuwa akinywa uji wake na kusema, "Mama, leo umeupatia, mtamu." Mama alikwenda nyuma ya jiko, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikamsikia akilia. Nilijua sababu. Nilikuwa nimeua samaki na kumaliza nusu ya chumvi yake.

Aliporudi alisema neno moja tu. "Usimwambie kaka yako." Tukaliondoa beseni mlangoni, tukamwambia Elia kwamba jua limekuwa kali, wako kivulini.

Akaanza kuniuliza kila asubuhi. "Wanaendeleaje?"

"Wazima. Wanacheza."

"Nani yuko mbele?"

"Manyoni."

Ndugu zangu mnaosoma, nimefundisha watoto katekisimu miaka mingi, na kila nilipofika kwenye amri ya kutosema uongo, sauti yangu ilipungua. Nilimdanganya mgonjwa kila siku kwa majuma matatu. Nilijifunza kuupamba uongo huo. Nilimweleza walivyogombania punje ya ugali. Usiku nilimwomba Mungu awafufue kabla Elia hajapata nguvu za kutoka nje. Sikumwomba amponye Elia, kwa sababu sikujua kwamba ndiye anayekwenda.

Asubuhi moja, mawingu yakiwa yameanza kukusanyika, aliuliza tena nani yuko mbele. Nilikuwa nimechoka kusema jibu lile lile.

"Leo Itigi," nikasema.

Akanigeukia. "Raheli, treni gani inapita Itigi kabla ya Manyoni?"

Akatabasamu, akaweka mkono wake mkavu juu ya kichwa changu.

"Ni ile inayorudi pwani," akasema. "Basi wameshageuka. Vizuri." Hakuniuliza tena. Tulimzika kabla ya mvua.

Nilikuwa mtu mzima, nikimlisha marehemu mume wangu katika ugonjwa wake, aliponiambia kwamba kila ninachompa ni kama majivu. Siku hiyo ndipo nilipoelewa Mama alilia nini nyuma ya jiko. Yai lile lilimwambia kwamba ulimi wa mwanawe ulikuwa umekwisha kuondoka, na kwamba utamu wa uji alikuwa akimtungia.

Juzi Tumaini alimaliza kupima maji yake kwa kifaa chake, akasema sasa yako sawa na ya bahari. Nikamwomba kijiko. Nimezeeka bila kuiona bahari, nikaionja sebuleni kwangu. Haikuwa kali. Ilikuwa kama mboga iliyozidi chumvi. Kilikuwa kijiko cha kwanza, kile ambacho Elia alikikataa.

Nikamsimulia mjukuu wangu. Alinisikiliza, akanishika mkono. "Lakini Bibi, hata mngeishia kwenye kijiko kile cha kwanza, chumvi ya mbugani si ya bahari. Ina magadi. Na ya dukani nayo ni chumvi tupu, bahari ina vingi zaidi. Wasingepona. Hukuwa na chumvi ya kuchagua."

Alitaka kunifariji. Lakini miaka yote hii, katika kujilaumu kwangu, mlikuwa na kitu nilichokishikilia: kwamba palikuwa na chumvi iliyo sawa ndani ya nyumba ile, na kwamba mtoto mwenye akili zaidi angeiona, na samaki wangezifikia mvua. Sasa hata hicho sina. Namshukuru Mungu kwa kweli yake, na ninamwomba anipe muda wa kuizoea.

Wewe uliyenisoma hadi hapa, Bwana akuhifadhie wote unaowapikia. Wakikuambia uji ni mtamu, na uwe mtamu kweli vinywani mwao. Amina.