Kiboko Anapiga Masikio

Nyie mnaokata majina ya wachoraji mwisho wa katuni za zamani ili mbandike namba zenu za simu, hongereni, mmechora sana. Hapo stendi ya Kibiti kuna fundi simu, kidole gumba kimebabuka kwa lehemu, kutwa anairudisha nyuma kwenye simu katuni moja ya video ya kiboko anayeibuka mtoni.

"Kaka, simu yangu vipi?" Maulida, mteja wake, anafoka.

"Tulia, dada. Umeona? Kaibuka, kapiga masikio kwanza. Mtu wa mjini angejulia wapi? Huyu kachorwa na marehemu baba, mtu wa mtoni."

"Haya, jina lake liko wapi?"

Fundi anaipeleka mpaka mwisho: pana namba ya simu tu. Anairudisha tena, taratibu.

Wewe mwenye nakala ambayo haijakatwa, mtumie fundi alione jina la baba yake.