Gari Niliyoichagua Nimevaa Kanzu

Naishi Mji Mkongwe, kwenye kichochoro ambacho mkokoteni ukipita watu hujibana ukutani, na maisha yangu yote nimependa gari. Yangu inalala Malindi, mwendo wa dakika kumi kutoka mlangoni kwangu, chini ya turubai. Kila asubuhi nnakwenda kuitazama kabla ya chai. Mke wangu husema wanawake wengine wana wake wenza, yeye ana gari.

Nna maoni yangu na siyafichi. Gari za zamani za Kijapani, zile za vioo vipana na bodi ya pembe pembe, zilichorwa na mtu aliyejua kwamba iko siku fundi atataka kuingiza mkono. Ukifungua boneti unaiona plagi, unaiona kabureta, na ukiinama vizuri unaiona na ardhi. Hizi za siku hizi ukifungua unakuta mfuniko wa plastiki, na chini ya mfuniko huo mna mwingine. Kikiharibika kidude kimoja cha kupima hewa, gari nzima inasusa. Halafu taa zao zote zimekunja uso, utadhani zimegombana na mtu. Rimu kubwa na tairi nyembamba ni za barabara isiyo na shimo, na mimi barabara hiyo sijaipita bado. Na injini ndogo iliyopachikwa tabo ya kuisukumia hewa ili ifanye kazi ya injini kubwa ni mpagazi mmoja kubebeshwa gunia la watu wawili. Atabeba, sikatai, ila baada ya miaka mitano muulize mgongo wake.

Barazani kwetu watu walinizoea. Mtu akitaka kununua gari aliniita nikaisikilize. Ndivyo nilivyokuwa nikifanya: boneti juu, washa, mimi nafumba macho. Bodi inapakwa rangi, viti vinavalishwa vitambaa, lakini injini haijui kusema uongo. Maneno hayo nimeyasema mara nyingi, na kwa sauti kubwa.

Dada yangu mdogo ameolewa Kiwengwa, na tangu aolewe analima mwani. Mumewe figo zimemharibikia. Mara tatu kwa wiki lazima afike mjini kusafishwa damu, na akikosa hata siku moja anavimba miguu na pumzi zinambana. Walikuwa wakiomba gari za majirani, na jirani naye ana shughuli zake. Dada akajifunza kuendesha. Kisha akanipigia simu.

"Kaka, tunataka gari yetu wenyewe. Si lazima iwe nzuri. Isituangushe njiani tu."

Nikamwambia hilo niachie mimi.

Tulikwenda kuitazama siku ya Ijumaa, nje kidogo ya mji, kwa mtu mwenye gari mbili za kuuza. Nilitoka msikitini moja kwa moja, nimevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi na kufukizwa udi. Dada alikuwa amekwishafika na mumewe, ambaye mwenye gari alimletea kiti akae kivulini. Dada aliipenda ile gari mpya zaidi. Nikafungua boneti, nikauona mfuniko wa plastiki, nikaifunga. Ile nyingine ilikuwa stesheni wageni ya zamani, zile ndefu zenye mlango wa mizigo nyuma, ya aina niipendayo mimi. Nikaiwasha. Wallahi, injini ile ilikuwa inakwenda sawasawa, haikohoi wala haitetemeki, unaweza kuweka gilasi ya maji juu yake na maji yakatulia. Nilisimama nayo karibu nusu saa.

Nikabakiwa na kuangalia chini. Kwetu watu hupaka chini ya gari oili chafu, ile iliyomwagwa kutoka kwenye injini, ili chumvi ya bahari isile chuma. Ni desturi nzuri na mimi mwenyewe naifuata. Nikaikusanya kanzu kwa mkono mmoja, nikainama kidogo. Chini kote kulikuwa kunang'aa weusi, na oili bado ilikuwa ikidondoka mchangani. Kuingia mle ilikuwa ni kuiaga kanzu. Nikasimama, nikasema, "Mwenye gari hii ameitunza."

Dada alikuwa amefungua mlango wa nyuma na kuingiza kichwa.

"Kaka, hii imebeba mwani mbichi."

"Gari gani ya kisiwani isiyonuka bahari?"

"Sisemi bahari, nasema mwani. Na maji yake yanaingia kila mahali."

"Basi wewe nusa, mie nasikiliza."

Shemegi akacheka kitini kwake, na mimi nikacheka. Dada akaufunga mlango taratibu. "Haya," akasema. "Wewe ndiye mjuzi."

Miezi miwili gari ilikwenda na kurudi bila kelele. Kila nikimpigia simu niliuliza habari ya injini kabla ya habari ya mgonjwa, na nilikuwa nikijibiwa yote mawili kwa adabu. Kisha asubuhi moja, wakiwa njiani kuja mjini, dada akasikia mlio kama wa ubao kuvunjika, na gari ikalala upande mmoja. Pale springi ya nyuma ilipofungwa, chuma kilikuwa kimeoza, na springi ikapanda na kuitoboa sakafu. Hakuna aliyeumia. Dada anasema alipomtoa mumewe na kumkalisha chini, injini ilikuwa bado inanguruma vizuri tu.

Walikaa pale muda mrefu kabla ya kupata mtu wa kuwachukua. Walipofika, kwenye mashine za kusafishia damu walikwisha kulazwa wengine, na wakaambiwa warudi kesho. Kesho yake alfajiri pumzi zikambana shemegi, akaletwa mjini hajiwezi, akalazwa.

Niseme na hili, kwa sababu hakuna mwingine atakayelisema. Nilipopata habari nilikwenda kwanza kuitazama gari, ndipo nikaenda hospitali. Nilivaa shati bovu, nikalala chali chini yake na bisibisi mkononi. Nikaigusa chasisi, na bisibisi ikazama kama kwenye papai bivu. Chini ya oili kulikuwa na kutu tabaka kwa tabaka, inabanduka kwa vidole. Oili ile haikupakwa kuzuia kutu, ilipakwa kuisitiri. Isingenichukua hata dakika moja kuliona hilo.

Hospitali nilimkuta shemegi na mpira wa hewa puani, macho yamevimba. Akanipa mkono.

"Shemegi," akasema kwa taabu, "injini bado nzima?"

"Nzima."

"Basi alhamdulillahi." Alikuwa ananitania, na utani wake uliniuma kuliko kama angenitukana.

Nikakaa upande wa pili wa kitanda nikaanza kumweleza dada. Nikamweleza habari za kutu, na springi, na wauzaji wa siku hizi ambao hawamwogopi Mungu, na jinsi oili inavyoweza kumhadaa hata fundi wa miaka thelathini. Nilieleza vizuri, maana kueleza ninajua. Dada alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Ungelala chini yake siku ile, ungeiona kutu?"

Nilitaka kusema haijulikani. Nikaona haya.

"Ningeiona."

Akalinyoosha shuka la mumewe, akalikunja vizuri chini ya miguu yake iliyovimba. Hakuninyanyulia sauti, wala hakunitazama.

"Kanzu ingefuliwa, kaka."