Besi Iliyokuwa Ikifika Ipuli

Spika yetu ya besi ilifia Puge, na haikufa kifo cha Mungu. Ilikuwa miaka ya mwisho ya Mwingereza. Bendi yetu ilikuwa imezunguka Nzega na Igunga karibu msimu mzima, na Puge tulialikwa kupiga dansi la Pasaka. Mvua ikavuja juu ya sanduku la amplifaya, karatasi ya spika ikalowa. Kiongozi wetu, aliyelelewa na wapiga ngoma, akafanya ambacho Mnyamwezi yeyote angefanya ngozi ya ngoma ikilegea: akaikokea moto. Ngozi hukaza. Karatasi ilikauka ikapasuka kutoka ukingo hadi katikati.

Wenzangu waliomboleza chombo. Mimi, mpiga besi, nilikuwa na langu. Ipuli, pembeni mwa Tabora, alikuwepo binti niliyempenda kuliko nilivyojua kusema. Baba yake alikuwa mzee wa kanisa, Mmoraviani aliyeamini kwamba dansi ni mlango wa nyuma wa jehanamu na mpiga besi ndiye bawabu. Nilipigwa marufuku kukanyaga ua wake. Tulionana kisimani kwa kuibia, na siku moja binti akaniambia, "Jumamosi mkipiga pale ukumbini mjini, waimbaji siwasikii. Tarumbeta nalisikia kwa mbali. Lakini wewe unafika mpaka kwenye kigoda nilichokalia. Nikikusikia, najua upo."

Tangu siku hiyo nilimpigia yeye. Waliokuwa ukumbini walicheza makombo yake.

Tuliporudi Tabora tulilipeleka sanduku kwa fundi redio mmoja wa Kihindi, tukilibeba kichwani kwa zamu. Sisi ni wajukuu wa wapagazi wa misafara, mzigo hautushangazi. Fundi alikuwa na spika mbili. Moja aliitoa kwenye redio kubwa ya Mzungu aliyerudi kwao: pana, karatasi laini, ukiisukuma kwa vidole inaingia ndani na kurudi polepole. Nyingine ilikuwa ya kutangazia mikutano, ngumu, kingo zimekaza.

"Hii pana inasukuma upepo, na besi inataka upepo," fundi alisema. "Hii nyingine inataka mtu wa kuhutubia."

Kiongozi akazigonga zote mbili kwa kidole, ameinamisha sikio, vilevile anavyochagua ngoma. Ile pana ikakohoa. Ile ngumu ikalia.

"Ngoma ni ile inayokujibu," akasema.

Nikamwambia besi si ngoma. Akaniuliza mkubwa nani. Tukazijaribu palepale, na kweli, katika kile chumba kidogo ile ngumu ilipiga kelele zaidi, wote wakanigeukia. Moyo uliniuma, lakini sanduku lilikuwa la bendi nami nilikuwa peke yangu. Mwenye nguvu mpishe.

Jumamosi ile ukumbi ulijaa pomoni. Nilipiga hadi vidole vikachubuka, na kila sauti ilitoka nyembamba ikaishia mlangoni. Nilijipa moyo kwamba japo kidogo kitafika. Nikatamani upepo ugeuke uelekee Ipuli. Sijawahi kutamani kitu namna ile, na nimeishi miaka mingi.

Hakikufika kitu. Baadaye dada yake alinieleza yote. Binti alikaa nje, akalisikia tarumbeta, akajua bendi imerudi. Akaisubiri besi mpaka dansi likaisha. Ipuli tayari yalikuwepo maneno kwamba nimepata mke Puge na nimebaki hukohuko. Asubuhi yake akaikubali posa ya mkulima wa tumbaku wa Usoke, iliyokuwa ikingoja jibu tangu tulipoondoka. Nilipopata habari hizi, alikuwa ameshapelekwa kwa mumewe.

Ile spika ngumu haikudumu. Ilianza kukwaruza, tukarudi kwa fundi kuichukua pana. Basi hiyo ilikuwa spika. Kila Jumamosi niligeuza sanduku lielekee Ipuli, kama mjinga, nikapiga. Wenzangu walisema besi yangu imekuwa tamu siku hizi. Nilikuwa namwita mtu asiyekuwepo.

Mwaka uliofuata treni tuliyopanda ilisimama Usoke. Alikuwa pale kituoni, amekuja kusindikiza mgeni, na mtoto begani. Nikashuka. Tukasalimiana kama watu wanaofahamiana kidogo. Sikuweza kujizuia, nikamweleza yote kwa haraka: mvua ya Puge, moto, spika mbili, kidole cha kiongozi. Alinisikiliza vizuri mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ulikuwepo," akasema.

"Nilikuwepo."

Akamhamishia mtoto bega la pili. "Kutoka ukumbini hadi kwetu si mbali. Ungekuja."

"Baba yako angenifukuza."

"Angekufukuza," akasema, bila hasira yoyote, "nami ningekusikia."